Utafiti wa mwanachuo na mitandao ya kijamii

Swali: Binti yangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu na habanduki kwenye simu. Anasema humo ndimo anamopata taarifa za utafiti wake. Je, mitandao ya kijamii inamjenga au inamharibu?

Jibu: Inategemea anachofanya baada ya kuona taarifa. Mitandao inafaa kwa kuanzia: humo mwanachuo hukutana na mada mpya na majina ya wataalamu. Hatari ni kuishia hapo, kwa kuwa mitandao hutanguliza kinachovuta macho, si chenye ushahidi mzito.

Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwalinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanachuo 25 katika kupima tovuti. Wanachuo wengi, na hata baadhi ya wanahistoria, waliganda kwenye ukurasa mmoja, wakivutiwa na nembo na mpangilio nadhifu. Wahakiki waliutoka upesi, wakafungua kurasa nyingine kutafuta nani yuko nyuma ya tovuti hiyo.

Mbinu hiyo inafundishika.

Binti akiona dai kwenye TikTok au kundi la WhatsApp, atafute mwandishi, mwaka na jarida lililolichapisha, kisha aisome makala yenyewe. Google Scholar na AJOL, hazina ya majarida ya Afrika, zitamsaidia. Mkutubi wa chuo naye yupo kwa kazi hiyo. Amwendee mapema, kabla ya kuandika pendekezo la utafiti.