Mazungumzo ya Mitandaoni juu ya Usawa wa Wanawake na Wanaume

Wengi wetu twaandikiana kila siku katika mitandao ya kijamii, lakini mazungumzo yenye faida ni haba. Basi na tuyaangalie mambo yaliyotukia Nairobi mwaka 2014, tupate kujifunza.

Mwezi wa Novemba mwaka ule, wanaume kadhaa walimvua mwanamke mmoja nguo kwa nguvu katika kituo cha magari, wakisema kwamba nguo yake fupi yaleta aibu. Video ya tendo lile ikaenea upesi katika simu za watu. (Na hapa niseme: kila aliyempelekea mwenziwe video ile, hata kwa kusikitika, alimvua yule mama mara ya pili.)

Ndipo wanawake wa Kilimani Mums, kikundi cha Facebook cha akina mama, walipoitana. Mazungumzo yakakusanywa chini ya neno moja, #MyDressMyChoice, yaani, Nguo yangu, hiari yangu. Tarehe 17 Novemba wakaandamana toka Uhuru Park, na baadhi ya wanaume wakafuatana nao.

Lakini wengine wakajibu kwa neno lao, #NudityIsNotMyChoice, maana yake, Uchi si hiari yangu. Walidai kwamba adabu na mila zaharibika. Je, mtu wa namna hiyo tumjibuje? Kumtukana hakufai, kwani matusi humfanya ajifungie ndani ya neno lake. Afadhali aulizwe: “Ndugu, na tuseme nguo ile haikukupendeza, ni nani aliyekupa mamlaka ya kuitia mkono?” Swali hili halimlazimishi kuziacha mila zake, ila lamtenganishia mambo mawili aliyoyachanganya, yaani kuchukizwa na kudhulumu. Tena aulizwe kama amepata kuona mwanamume aliyevaa kaptula akivuliwa barabarani. Hapo ndipo usawa uanzapo kueleweka, hata na yule asiyelipenda neno lenyewe.

Mwezi wa Desemba 2014 sheria za Kenya zilirekebishwa, na amvuaye mwingine nguo kwa kumdhalilisha akawekewa kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria hiyo haimtaji mwanamke peke yake. Yamlinda kila mtu.

Mkisoma darasa hili pamoja, wanawake kwa wanaume, chagueni andiko moja la dharau lililowafikia simuni, mkatunge jibu lenye swali ndani yake. Wanawake na watangulie kusema, nao wanaume wasikilize kwanza.