Darsa: Maua Yachorwayo kwa Hesabu



Katika darsa yetu iliyopita kijana mmoja alileta picha ya ua. Ukingoni mwa kila jani la ua lile palikuwa na ua dogo, na ukingoni mwa lile dogo palikuwa na jingine dogo zaidi, hata macho yakashindwa kufuata. Wenzake wakakhitilafiana. Wa kwanza alisema ni ua la kweli lililopigwa picha nchi za mbali. Wa pili alisema huo ni muujiza, na yafaa watu watangaziwe. Wa tatu alikata kuwa ni haramu, na alipotakwa dalili hakuwa nayo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: Picha hii imefanywaje?

Hili ndilo kosa linalotudhuru. Wanavyuoni wametufundisha kwamba hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe. Asiyekijua, akihalalisha amekisia, na akiharamisha amekisia vile vile. Basi na tuanze kwa kujua.

Picha za namna ile huitwa fraktali. Jina hilo alilitoa Benoit Mandelbrot, mwanahisabati aliyezaliwa Poland, katika mwaka 1975, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjika. Maana yake ni umbo ambalo sehemu yake ndogo hufanana na umbo zima, na sehemu ya sehemu hiyo hufanana nalo pia.

Tazama kangaga, mmea upendao maji na kivuli. Jani lake lina vijani pande mbili mfano wa unyoya, na kila kijani, ukikitazama peke yake, ni jani zima lililopunguzwa. Kisha tazama kuti la mnazi. Nalo lina vijani pande mbili, lakini ukichukua kimoja hukuti ndani yake kuti dogo. Wakuta ukuti mtupu na njiti yake. Kangaga ni mfano wa fraktali, na kuti silo. Hii ndiyo faida ya kutazama kabla ya kunena.

Je, umbo kama hilo huchorwaje? Chukua kalamu na karatasi. Chora pembetatu ya pande tatu zilizo sawa. Gawanya kila upande mafungu matatu sawasawa, futa fungu la kati, na mahali pake simamisha mistari miwili ya urefu ule ule, ikutane kwa nje mfano wa paa la nyumba. Pande zako 3 zimekuwa 12. Rudia kwa kila mmoja, zitakuwa 48, kisha 192, kisha 768. Kila mara urefu wa ukingo huzidi kwa theluthi moja. Ukifika mara ya kumi, ukingo umepita mara 17 ya urefu wake wa kwanza, ilhali umbo lote lingali ndani ya duara lile lile lililopita kwenye ncha tatu za pembetatu yako. Kanuni hii aliieleza Helge von Koch wa Sweden mwaka 1904, kabla ya kuwako kompyuta.

Baadaye Michael Barnsley, katika kitabu alichokitoa mwaka 1988, alionyesha jani la kangaga lililochorwa kwa kanuni nne tu: moja ya shina, moja ya kupandisha jani juu huku likipungua, na mbili za vijani vya kulia na kushoto. Kompyuta huchagua kanuni kwa bahati, hutia nukta, kisha huchagua tena. Nukta zikitimia maelfu, jani hudhihirika. Mashine kazi yake ni kurudia bila kuchoka. Anayechagua kanuni, rangi na mahali pa kukomea ni mtu.

Lakini tusizidishe. Kangaga wa kweli hujirudia mara mbili au tatu, kisha hukoma. Hesabu ndiyo isiyokoma. Wala si kila ua lenye mpango ni fraktali. Alizeti hupanga mbegu zake kwa kuziachanisha nyuzi zipatazo 137.5, na mara nyingi ukihesabu mizunguko yake utakuta 34 upande mmoja na 55 upande wa pili. Huo ni mpango wa ajabu, lakini mbegu ya alizeti si alizeti ndogo.

Sasa turudi kwa vijana wetu. Wa kwanza tumwambie: Hilo si ua lililoota, ni ua lililohesabiwa. Wa pili tumwambie: Kazi ya mtu usiite muujiza, atakapokuja ajuaye hesabu akaonyesha ilivyofanywa, utakuwa umeifedhehesha dini uliyotaka kuitukuza. Wa tatu tumwambie: Jumhuri ya wanavyuoni wameruhusu picha za miti na visivyo na roho, ungeuliza ungejibiwa.

Nasi sote twajiambia haya. Msomaji, usiku huu keti na wanao, mchore pembetatu ile mpaka pande zifike 48. Watakaoichora kwa mikono yao hawatadanganywa kwa picha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.