Maji ya Kulisha Mboga: Pima Leo, Pima na Kesho



Umezoea kupanda mboga katika udongo. Wazee wako nao walifanya hivyo. Lakini mmea hauli udongo. Mmea hunywa maji, na ndani ya maji hayo hupata chumvichumvi zilizoyeyuka. Udongo ni ghala tu la kutunzia chumvichumvi hizo, tena hushika mizizi ili mmea usianguke. Katika miaka ya 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walilionyesha jambo hili. Waliyeyusha chumvichumvi katika maji, wakatumbukiza mizizi humo. Mimea ikakua bila udongo hata kidogo.

Kilimo cha namna hii huitwa haidroponiki. Unaweza kukifanya kwa ndoo, kwa bomba la plastiki lililotobolewa, au kwa pipa lililokatwa. Kinafaa mahali ambapo eneo ni dogo na maji ni haba, kwa sababu maji hayazami ardhini. Lakini ujue jambo moja kabla hujaanza. Udongo una subira. Ukikosea kidogo, udongo hukusitiri. Maji hayana subira hiyo.

Nitakueleza yaliyotupata. Katika kijiji kimoja upande wa Mlima Meru, kikundi cha akina mama wa darasa langu kilichanga fedha. Wakanunua ndoo, mbolea na miche ya saladi. Mimi nilikuwa mwalimu wao. Tulichanganya maji ya lishe, tukapima, tukaona namba nzuri: 6. Tukafurahi. Hatukupima tena.

Siku ya nane majani machanga yalianza kuwa manjano, lakini mishipa ya majani ilibaki kijani. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, mboga zina njaa." Nilikubali. Tukaongeza mbolea. Mboga zikazidi kudhoofu. Nilipopima tena nilikuta namba imefika 8. Chakula kilikuwamo ndani ya maji, lakini mboga hazikuweza kukila. Madini ya chuma yalikuwa yameganda na kutuama chini kama kutu. Miche yote iliharibika, na fedha ya kikundi ikaenda nayo. Kosa lilikuwa langu.

Sasa tujifunze maana ya namba hiyo.

KIPIMO CHA pH

Herufi hizi mbili, p ndogo na H kubwa, husomwa "pi-echi". Ni kipimo cha uchachu. Kilitungwa mwaka 1909 na mtaalamu wa Denmark aitwaye Søren Sørensen. Alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen. Wapishi wa pombe nao wanajua kwamba uchachu ukizidi kazi imeharibika!

Kipimo huanza 0 na kwa kawaida huishia 14. Katikati ni 7. Maji safi kabisa ni 7. Chini ya 7 ni uchachu. Maji ya limau hukaribia 2. Juu ya 7 ni ule upande wa magadi na maji ya majivu. Angalia vizuri hapa, maana wengi hukosea: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa. Tena hatua moja si ndogo. Maji ya 5 yana uchachu mara 10 kuliko maji ya 6, na mara 100 kuliko maji ya 7.

Mboga nyingi zilizo katika maji hupenda namba kati ya 5.5 na 6.5. Ikipita 7, chuma huganda, na fosforasi hushikana na chokaa. Ikishuka chini ya 5, mizizi huanza kuumia.

Ukitaka kuona uchachu kwa macho, fanya hivi darasani. Chemsha rozela, ile ambayo wengine huiita choya. Gawa maji yake katika vikombe viwili. Tia limau katika kikombe cha kwanza: rangi itakuwa nyekundu ya kung'aa. Tia maji ya majivu katika cha pili: rangi itageuka kuelekea bluu au kijani. Ni somo zuri, na watoto hulipenda. Lakini rozela haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya 5.5 na 6.5. Kwa kazi ya shamba nunua karatasi za kupimia pH, zile zenye rangi na namba pembeni, au kipimo cha betri. Kipimo cha betri hudanganya kisipotunzwa. Kijaribu kwanza kwa dawa zake za namba 4 na 7.

KUSOMA MFUKO

Hapa ndipo kusoma kunapookoa fedha. Katika duka la pembejeo kuna mfuko wenye herufi tatu: CAN. Kuna mfuko mwingine wa kalsiamu naitreti. Mwuzaji anaweza kukuambia kwamba ni kitu kimoja. Sicho. CAN imechanganywa na unga wa chokaa usioyeyuka, tena ina amonia nyingi. Katika udongo inafaa sana. Katika ndoo ya maji itaacha matope chini na kuumiza mizizi. Soma mfuko mpaka mwisho. Usiposhiba, mwulize bwana shamba au bibi shamba.

Kwa lita 100 za maji, yaani ndoo 5 za lita 20, mboga za majani zinatoshwa na vipimo hivi: kalsiamu naitreti gramu 50, potasiamu naitreti gramu 25, MKP gramu 7, na chumvi ya haluli gramu 25. Haluli ni magnesiamu salfeti, ileile inayouzwa kuwa dawa ya tumbo. MKP ni mbolea yenye potasiamu na fosforasi. Ongeza pakiti ya madini madogo: chuma, zinki, shaba, boroni na mengineyo. Kwa hayo fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe. Usikisie. Mmea huhitaji boroni kidogo sana, na ikizidi ni sumu.

Gramu 7 utazipimaje, na mizani ya dukani haionyeshi kitu kidogo hivyo? Pima gramu 70. Zitie katika chombo cha lita moja, ujaze maji mpaka alama ya lita, ukoroge. Sasa kila mililita 100 zina gramu 7. Chombo hicho kimoja kitakutosha kuchanganya mara kumi. Andika jina juu yake, na ukiweke mbali na watoto.

Tumia ndoo mbili za kuyeyushia. Ndoo ya kwanza ni ya kalsiamu naitreti peke yake. Ndoo ya pili ni ya MKP, haluli na potasiamu naitreti. Usizimwage pamoja zikiwa nzito. Kalsiamu ikikutana na haluli katika maji machache, hutokea unga mweupe. Hiyo ni jasi, ndugu ya chaki ya ubaoni, na mboga haiwezi kuinywa. Ni kama mawifi waliogombana: katika ukumbi mkubwa watasalimiana, lakini usiwalaze chumba kimoja. Kwa hiyo kwanza jaza pipa maji karibu lita 90. Mimina ndoo ya kwanza, koroga sana. Ndipo umimine ya pili. Tia madini madogo mwishoni, kisha ongeza maji mpaka lita 100.

KUSHUSHA NA KUPANDISHA

Mara nyingi namba huwa juu, nasi hutaka kuishusha. Wakulima wengi hutumia tindikali ya fosforiki. Inunue dukani ikiwa na maandishi yake. Vaa glavu na ukinge macho. Tia tindikali katika maji. Usitie maji katika tindikali kamwe, kwa sababu itachemka na kukurukia usoni. Tia matone machache, koroga, subiri, pima.

Limau na siki hushusha pia, lakini kwa siku moja au mbili tu. Vijidudu vilivyo katika maji hula uchachu huo, na namba hupanda tena. Kwa ndoo moja ya kujifunzia si vibaya. Kwa pipa utachoka. Nimeona pia watu wakimwaga maji ya betri kuukuu ya gari. Usifanye hivyo hata kama huna kitu kingine. Maji hayo yana risasi, na risasi ni sumu. Itaingia katika mboga, na mboga italiwa na mtoto wako.

Ikiwa namba iko chini mno, tumia potasiamu bikaboneti kidogo, au maji ya majivu ya kuni yaliyochujwa, kijiko kimoja kimoja. Usitumie magadi ya kupikia maharage. Yatapandisha namba, ndiyo, lakini sodiamu yake huunguza mboga.

KWA NINI NAMBA HAITULII?

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Maji ya pande za Mlima Meru yana magadi ya asili kwa wingi, pamoja na floridi inayoharibu meno. Ukitia tindikali, inapigana na magadi hayo. Namba inashuka, unafurahi. Lakini hewa ya mapigano hayo hutoka majini polepole, na namba hupanda tena usiku. Ndivyo ilivyotupata sisi. Basi, maji ya namna hii yatie tindikali kwanza, yaache yalale, yapime asubuhi, ndipo uchanganye mbolea.

Maji ya mvua hayana magadi. Ni mazuri, lakini peke yake ni mepesi mno: tone moja likizidi, namba huanguka ghafla. Mimi napenda kuchanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima. Magadi kidogo yanayobaki hushika namba isiyumbe.

Sababu ya pili ni mboga. Mzizi ukila naitreti, huacha nyuma kitu kinachopandisha namba. Ukila amonia, huacha uchachu. Mchanganyiko wetu una naitreti karibu tupu, kwa hiyo namba itapanda kila siku, hata kama maji ni mazuri. Dawa yake ni ndogo. Katika ndoo ya pili ongeza SA gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa lita 100. SA ina amonia, nayo itavuta namba chini taratibu mboga zinapokula. Kijiko kimoja tu. Vijiko vitatu vitaumiza mizizi.

Funika pipa ili mwanga usiingie. Mwanga huotesha ukungu wa kijani, na ukungu huo nao hupandisha namba mchana. Kwa ajili hiyo pima kila siku saa ileile. Saa 1 asubuhi ni nzuri. Maji yakipungua, ongeza maji matupu. Baada ya siku 14 badilisha maji yote. Ya zamani mwagia migomba, si karibu na kisima.

DAFTARI LA MAJI

Kikundi chetu kilianza upya msimu uliofuata, kwa ndoo chache zaidi. Mama mmoja, ambaye mwaka uliotangulia hakujua kuandika namba, alikabidhiwa daftari. Huu ni ukurasa wake mmoja:

Tarehe 3, saa 1 asubuhi. pH 5.8.
Tarehe 4, saa 1 asubuhi. pH 6.0.
Tarehe 5, saa 1 asubuhi. pH 6.3. Maji lita 10 yameongezwa.
Tarehe 6, saa 1 asubuhi. pH 6.7. Nimemwita mwalimu.

Nilifika mchana. Hakuna jani hata moja lililokuwa limegeuka manjano. Tulitia matone ya tindikali, tukasubiri, tukapima: 5.9. Alichukua kalamu, akaandika.

MASWALI

1. Maji ya ndoo ya kwanza yana pH 5. Ya ndoo ya pili yana pH 7. Yapi yana uchachu zaidi? Ni mara ngapi?
2. Unataka kuchanganya lita 40 za maji ya lishe. Utapima kalsiamu naitreti gramu ngapi?
3. Eleza tofauti ya CAN na kalsiamu naitreti kwa jirani yako asiyejua kusoma.
4. Tazama tena ukurasa wa daftari. Namba ilipanda kwa kiasi gani kutoka tarehe 3 mpaka tarehe 6? Kama ungekuwa wewe, ungemwita mwalimu siku gani?
5. Maji ya kijiji chenu hutoka wapi? Yapimeni darasani, yaacheni yalale katika ndoo, myapime tena kesho yake. Andikeni namba zote mbili.