Peptidi ya Kuonyesha PD-L1: Anza na Saa

Anayetaka kutengeneza dawa ya mionzi ya kuonyesha PD-L1 kwenye picha za PET huwa na hamu ya kujua kwanza peptidi ipi inanata zaidi. Ushauri wangu ni aanze na saa.

PD-L1 ni protini ambayo seli za saratani huitumia kuzinyamazisha seli T za kinga. Mwaka 2018 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 22 waliodungwa kingamwili ya atezolizumab iliyofungwa zirkoniamu-89. Kingamwili huzunguka katika damu kwa siku kadhaa, kwa hiyo picha zilipigwa hadi siku ya 7. Zirkoniamu-89 inaumudu ungojaji huo, maana nusu-maisha yake ni kama saa 78. Peptidi ni ndogo, na nyingi huingia kwenye uvimbe na kuondoka katika damu ndani ya saa moja au mbili. Ifungie galiamu-68, yenye nusu-maisha ya dakika 68, au florini-18, ya dakika 110. Ukiipa zirkoniamu unamwongezea mgonjwa mionzi isiyo na faida.

Kisha, ukitumia galiamu, chagua kishikizi cha metali, yaani molekuli ya kuishikilia kwenye peptidi. NOTA huishika galiamu hata bila kuchemshwa. DOTA kwa kawaida hutaka joto la karibu nyuzi 95. Peptidi isiyovumilia joto imeshakuchagulia. Kifunge mbali na upande unaoshika protini, halafu upime upya nguvu ya kunata.

Jaribio ambalo halina mbadala ni la kuziba. Wape panya peptidi nyingi isiyo na mionzi pamoja na ile yenye mionzi: doa la uvimbe likififia, una sababu ya kuamini ulikuwa unaona PD-L1. Lisipofifia, usiende kwa mgonjwa. Tahadhari nyingine hupuuzwa mno: peptidi iliyochaguliwa kwa protini ya binadamu huenda isiishike ya panya. Hapo wengu wa panya, ingawa nao una PD-L1, utaonekana safi kuliko utakavyokuwa wa mgonjwa, na picha itakupendeza bila haki.

Ukifika kwa wagonjwa, linganisha picha na kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe uleule, katika siku zilezile. PD-L1 hutofautiana kati ya uvimbe na uvimbe, na matibabu huibadilisha.