Somo Letu: Kupasua Mti Bila Kujikata Kidole

Kabla hatujaanza somo hili, kila mmoja atazame mkono wake usioshika panga. Ni wangapi wana kovu kwenye kidole gumba au cha shahada? Tulipouliza hivyo katika mkutano mmoja wa kina mama, mikono mingi iliinuka kuliko tulivyotarajia, na sababu ilikuwa ile ile: panga na kuni za asubuhi. Unasimamisha kipande cha kuni kwa mkono mmoja, unainua panga kwa mwingine, moshi uko machoni na mtoto anangoja chai aende shule. Hapo panga likiteleza ni damu.

Kuna kifaa kinachoondoa hatari hiyo. Mafundi wa Uingereza na Marekani walikitumia kwa karne nyingi kupasulia vigae vya mbao vya kuezekea paa na mbao za mapipa. Sisi tutakiita panga la kupasulia, ingawa si panga hasa. Ni chuma kinene cha urefu wa futi moja hivi, chenye makali upande wa chini. Mwisho wake mmoja una tundu, na mpini unasimama wima humo, hata chuma na mpini vikafanya umbo la herufi L. Hakiinuliwi hewani kama shoka. Unaweka makali juu ya kichwa cha gogo, pale pale unapotaka lipasuke, kisha unagonga mgongo wake kwa nyundo ya mti. Mkono wako mmoja uko kwenye mpini na wa pili kwenye nyundo. Hakuna mkono unaoshika kuni.

Kukipata dukani ni kazi ngumu, lakini fundi wa jua kali anaweza kukitengeneza kwa springi kuukuu ya gari. Mwambieni achague ule ubao mrefu wa springi, ambao mwisho wake umekunjwa kufanya tundu la kupitisha boliti. Tundu hilo ndilo mtakalotilia mpini, kwa hivyo nusu ya kazi imekwisha fanywa na waliounda gari. Akate kama sentimita 35 kutoka kwenye tundu, anyooshe chuma, achomelee pale tundu lilipoacha ufa, na anoe upande mmoja. Makali yasiwe ya wembe. Yawe kama ya kabari, maana kazi yake ni kutanua na si kukata. Jambo moja mumkumbushe: akishakipasha moto asikitumbukize kwenye maji. Chuma cha springi kikipozwa ghafla huwa kigumu lakini kinavunjika. Akizike ndani ya jivu kipoe polepole.

Mpini uingizwe kutoka chini, ule mwisho mnene ubaki chini, kama mpini wa sururu. Hivyo kila ukigonga tundu linazidi kukaza. Nyundo iwe ya mti mgumu. Tafadhali msitumie nyundo ya chuma, kwa sababu itaharibu mgongo wa kifaa na vipande vya chuma vinaweza kuruka machoni.

Sasa tuone mti wenyewe. Mti umefungwa na nyuzi zinazopanda kutoka mizizini kwenda juu. Msumeno unazikata nyuzi hizo, lakini panga la kupasulia linapita katikati yake. Kwa hivyo mti wenye nyuzi zilizonyooka utakutii, na wenye vifundo vya matawi au uliojisokota utakushinda. Tazama gome na nyufa za mwisho wa gogo kabla hujapoteza nguvu. Sisi wenyewe tulinunua magogo ya saiprasi kwa bei nafuu, tukajisifu, kisha tukakuta kila kipande kina vifundo vitatu au vinne. Yote yaliishia jikoni.

Sheria kubwa ni kugawanya nusu kwa nusu. Gogo lipasuliwe katikati, kila nusu katikati tena, na kuendelea hivyo. Ukijaribu kubandua kipande chembamba pembeni mwa gogo nene, ufa utakimbilia nje na kipande kitaishia kuwa kabari. Ufa ukishaanza, acha kugonga. Vuta mpini kama wenzo, chuma kijipinde ndani ya ufa, ukisukuma kifaa chini kidogo kidogo. Na ukiona ufa unaanza kwenda upande mmoja, geuza gogo ule upande mnene uwe chini, kisha ukandamize huo mnene. Ufa hurudi upande unaopindwa zaidi. Hapa ndipo ufundi ulipo, na haufundishiki kwa karatasi. Vipande kumi vya kwanza vitaharibika. Mti wenye panda, uliolazwa na kufungwa imara kwenye vigingi, utawasaidia kubana gogo wakati wa kuvuta.

Vibanzi vya kuwashia moto ndivyo faida ya kila siku. Tumieni mti mkavu, vipande vya urefu wa sentimita 20 hadi 25. Jioni moja mtu mmoja anaweza kupasua vya wiki nzima akiwa ameketi. Vibanzi vikavu huwaka upesi, na hupunguza ile haja ya kumwaga mafuta ya taa motoni, tabia ambayo imechoma watu wengi. Lakini angalieni sana: msipasue posti zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani au zilizopakwa dawa nyeusi kama lami. Dawa ya kijani mara nyingi ina aseniki, ambayo ni sumu, na moshi wake pamoja na jivu si vitu vya kuweka karibu na chakula.

Vigae vya paa vinahitaji mti bora zaidi. Katika nyanda zetu za juu, mti wa kazi hii ni mtarakwa. Moyo wake mwekundu hupasuka vizuri na mchwa hawaupendi. Ni mti ule ule uliotengenezewa penseli. Lakini hatuwaambii mkaangushe mtarakwa. Ni mti wa kienyeji unaokua polepole, misitu yake imepungua, na kuukata au kuusafirisha bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu kutawaleteeni kesi. Tunachosema ni hiki: tazameni posti kuukuu za ua. Sehemu iliyozikwa imeoza, lakini ile ya juu mara nyingi bado ni nzima. Toeni misumari yote na waya, kisha mkate vipande vya sentimita 45.

Ondoeni sehemu nyeupe ya nje, kwa sababu hiyo huoza. Pasueni vigae vya unene wa sentimita moja. Kwenye paa, kila safu ionekane sentimita 15 tu, nyingine ifunikwe na safu zilizo juu, ili kila mahali pawe na tabaka tatu. Safu ya chini kabisa iwe maradufu. Pasipopita unene wa penseli kati ya kigae na kigae, mti utavimba wakati wa mvua na kujikunja. Misumari iwe miwili kwa kila kigae, mahali ambapo safu inayofuata itaifunika. Viungo visifuatane vikawa mstari mmoja. Paa lenyewe lipande angalau nusu mita kwa kila mita moja ya kwenda ndani.

Sasa hesabu, maana hapa vikundi hudanganyika. Kigae cha upana wa sentimita 10 kinachoonekana sentimita 15 hufunika sentimita 150 za mraba. Kwa hivyo mita moja ya mraba yataka vigae 67. Nyumba ya kuku yenye paa la mita 2 kwa 3 itahitaji kama 400, mbali na ile safu ya ziada. Posti moja ikitoa vipande vitatu, na kila kipande vigae vitano vizuri, ni posti 27. Kama kikundi kinabadilisha ua wa zamani, hizo zipo na ni bure. Kama mtazinunua, nunueni mabati. Pia mabati ndiyo mazuri pale mnapovuna maji ya tangi. Na msiezeke jiko la mafiga kwa vigae vya mbao. Cheche moja inatosha.

Vigae vilivyovunjika msivitupe. Hivyo ndivyo vibanzi vya kesho.

Kwa mkutano ujao: nani kijijini ana springi kuukuu, na fundi atataka kiasi gani? Ni posti ngapi za zamani zimelala kwenye mashamba ya wanakikundi? Zihesabuni kwanza, mzidunge kwa msumari kuona zilizooza, kabla hamjaamua mtaezeka nini.