Sikukuu ya Jirani Yako: Kwa Wageni wa Garsen na Bonde la Mto Tana

Kijitabu hiki ni cha mwalimu aliyepangiwa shule Garsen, muuguzi mpya wa Hola, mfanyabiashara wa Minjila, na msafiri wa Lamu aliyeamua kushuka njiani. Utaishi na Wapokomo wanaolima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei wanaofuga, pamoja na Wagiriama, Wabajuni, Waluo na wengine walioletwa na shamba, samaki au ajira. Wapokomo wa juu ya mto wengi wao ni Waislamu. Wa chini wengi ni Wakristo, tangu wamishonari walipoweka vituo Golbanti na Ngao katika miaka ya 1880.

Katiba ya 2010 inasema Kenya haina dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuadhimisha siku zake. Hata hivyo sheria haimpi mtu ruhusa ya kuingia uani kwa mwenzake. Ruhusa hiyo anayo jirani, na njia ya kuipata ni kumjua kabla ya sikukuu. Mgeni aliyepiga hodi mara mbili tatu katika siku za kawaida, siku ya sikukuu huja kuitwa na watoto.

Mwezi ukiandama

Krismasi na Pasaka zimo kwenye kalenda. Idd-ul-Fitr hungoja mwezi uandame na Kadhi Mkuu atangaze, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Usikate tikiti ya kurudi kwa kukisia tarehe.

Katika Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana. Asiyefunga hakatazwi kula, ila ale ndani, si barazani mbele ya waliofunga. Ukialikwa kufuturu, fika kabla ya adhana ya magharibi. Ukichelewa utawakuta wenyeji wamesimama kuswali nawe umesimama mlangoni. Asubuhi ya Idd swala huwa mapema, mara nyingi uwanjani. Asiye Mwislamu angoje kando mpaka hotuba iishe, kisha aingie kati ya watu kupeana mkono wa Idd. Mwanamume asitangulize mkono kwa mwanamke, akinyooshewa, aupokee.

Sahani

Jambo la kuliangalia kwa makini zaidi ni chakula, kwa sababu hapo ndipo urafiki wa dini mbili hujengwa au huvunjika. Familia nyingi za Kikristo pwani humwita Mwislamu achinje mbuzi wa Krismasi, ili jirani yeyote aweze kukaa mkekani akala bila shaka moyoni. Hakuna afisa aliyeagiza hivyo. Ni busara ya watu wanaojua kwamba mwaka ujao wataombana mbegu, maziwa na mashua. Wewe mgeni ukitaka kufanya karamu, fanya vivyo hivyo: uliza nani atachinja kabla hujanunua mnyama, na usiweke pombe mahali palipoalikwa watu wote.

Kwenye Idd-ul-Adha nyama ya udhia hugawanywa: nyumba ipate, jamaa na majirani wapate, maskini wapate. Ukiletewa fungu lako, pokea hata kama dini yako ni nyingine. Umehesabiwa kuwa jirani. Chombo kisirudi kitupu. Maembe au mchele wa mashamba ya delta vitatosha. Katika boma la mfugaji utapewa maziwa. Ikiwa tumbo lako haliyawezi, onja kidogo kwa mkono wa kulia na useme ukweli kwa upole, hakuna atakayekasirika.

Ngoma na kamera

Kila Mkenya anayefika hapa tayari anaimba wimbo wa hapa, kwani sauti ya wimbo wa taifa ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Kwenye harusi na sherehe utasikia ngoma kama mwaribe. Wakikuvuta uingie, ingia.

Lakini ziko ngoma zisizo za wageni. Ngadzi, ngoma kuu ya wazee wa Kipokomo, ilichukuliwa na watawala wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini ikaishia katika hifadhi ya British Museum, London, na wenyewe wameidai kwa miaka. Watu walionyang'anywa kitu kitukufu namna hiyo wana haki ya kukuuliza picha zako zinakwenda wapi. Omba ruhusa kwa mzee wa mahali kabla ya kutoa simu. Usipige picha watu wakiwa katika swala, na picha ya mtoto ipate kwanza idhini ya mzazi. Ukiahidi kuwaletea picha, waletee.

Maswali ya kuacha

Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma hapa delta. Wengine walipoteza wazazi, na leo watu wa pande zote mbili wanakaa soko moja na kuhudhuria harusi moja. Usiulize karamuni nani alianza, wala usimtanie mtu kwa kabila lake. Akikusimulia mwenyewe, sikiliza, na usilibebe neno lake kwenda nyumba ya pili.

Njia

Sikukuu inapokutana na masika au vuli, mto hupanda na vijiji vingine hufikiwa kwa mashua tu. Uliza hali ya maji asubuhi hiyohiyo, vaa jaketi la kuokolea, kataa chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama unachelewa harusi. Katika mwezi wa Maulidi mabasi ya Lamu hupita Garsen yakiwa yamejaa, watu wakielekea Msikiti wa Riyadha. Weka nafasi mapema, safiri mchana, na ufuate maelekezo ya polisi barabarani.