Jiwe Lililongoja Mnunuzi Karibu Miaka Arobaini

Kila mtoto wa shule aijua kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni grafiti, jiwe jeusi lililo laini. Watu wa Ulaya nao zamani walikosea vivyo hivyo, wakachanganya risasi, grafiti na jiwe la tatu linalofanana nazo. Jiwe hilo ni molibdenaiti, na madini yatokayo ndani yake huitwa molibdeni, jina lililotoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya risasi. Mwaka wa 1778 Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alithibitisha kuwa jiwe hilo si grafiti wala risasi.

Mwaka wa 1879 Charles Senter alikuwa akitafuta madini karibu na mji wa Leadville, katika Colorado, Marekani. Katika mlima Bartlett, penye kimo cha zaidi ya futi 11,000, aliona mwamba wenye mishipa ya kijivu. Ulipopimwa haukuwa na dhahabu wala fedha. Hata hivyo Senter hakuuacha. Sheria ya mwaka wa 1872 ilimtaka mwenye haki ya kuchimba afanye kazi ya thamani ya dola 100 kila mwaka, asije akaipoteza haki yake. Naye aliifanya kila mwaka. Mwaka wa 1895 mkemia alimwambia jina la jiwe lake, lakini mnunuzi hakuwapo.

Je, mishipa ile ilitoka wapi? Miaka kama milioni 30 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalipanda kutoka chini ya ardhi. Yalipopoa, maji ya moto yenye nguvu nyingi yaliupasua mwamba ukawa na nyufa zisizohesabika. Katika nyufa hizo maji yaliacha mawe meupe ya kwazi pamoja na molibdenaiti. Kwa hiyo madini hayakukusanyika mahali pamoja, bali yametawanyika mlima mzima. Tani moja ya mwamba hutoa kilo chache tu.

Vita vya mwaka wa 1914 hata 1918 vilibadili mambo. Mafundi walihitaji chuma cha pua kisicholegea katika moto, na molibdeni huyeyuka kwenye digrii 2,623, ambapo chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538. Senter akauza haki zake, na mgodi wa Climax ukaanza kazi. Amani ilipokuja, mgodi ulifungwa mwaka wa 1919, ukafunguliwa tena mwaka wa 1924, na kwa miaka mingi ukatoa zaidi ya nusu ya molibdeni ya dunia. Ulifungwa tena mwaka wa 1995, hata 2012 ulipofunguliwa.

Basi, msomaji, ukiokota jiwe la kijivu lichafualo vidole, lipime kwa mkono: molibdenaiti ina uzito wa mara mbili ya grafiti. Kisha likwaruze juu ya kigae cheupe king'aacho. Grafiti huacha alama nyeusi; molibdenaiti huacha alama yenye rangi ya kijani kidogo. Usilitupe kabla ya kumwonyesha mtaalamu, kwani jiwe ambalo halina jina machoni pako laweza kuwa na thamani kwa anayelijua.